Hasira Si Nguvu

Wasomaji wetu wa Nduguti wamepata kumwona mwalimu wa michezo akiwachochea vijana kabla ya mechi. Huwapigia kelele, tena huwaambia ya kuwa wenzao wamewadharau, ijapokuwa hao hawakusema neno. Ukimwuliza, atajibu ya kuwa mchezaji asiyekasirika hachezi. Sisi hatukubaliani naye.

Ni kweli, mwili uliolala hauchezi. Moyo hauna budi kudunda kwa kasi kidogo ndipo miguu iwe myepesi. Lakini joto hilo likizidi, misuli hukakamaa, pumzi huwa fupi, na macho hayawaoni tena wenzako walio pembeni. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, waliwafundisha panya kuchagua njia kwa kuwapiga umeme. Kazi ilipokuwa ngumu, umeme mkali uliwachelewesha kujifunza. Wa kadiri uliwafaa zaidi. Mtu si panya, lakini anyanyuaye vyuma aweza kunguruma apendavyo, na apigaye penalti akinguruma hivyo, mpira hupaa juu ya goli.

Tumtazame Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, marathoni ya ubingwa wa dunia ilianza vibaya: mkimbiaji mmoja alichomoka kabla ya ishara, wote wakarudishwa kwenye mstari. Mioyo ilikwisha kuwaka, nayo ikabidi itulizwe tena. Baada ya kilomita 42 Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walifika pamoja, kila mmoja kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua: Simbu alitangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yaliyokuwa moyoni mwake ayajua mwenyewe. Sisi twaona tu ya kuwa alikuwa na akiba ya mwisho, na aliyeichoma akiba yake kwa hasira mwanzoni hawi nayo pale.

Lakini hata kama hasira ingeleta vikombe, swali letu lingebaki. Ile iliyowashwa kwa uongo, nani ataizima baada ya filimbi? Mtoto huondoka nayo uwanjani, akakutana njiani na wale aliofundishwa kuwachukia, nao ni jamaa zake wa kijiji cha pili. Mwalimu ameutumia moyo wa mtoto kama kuni, naye mtoto hakuulizwa.

Ngoma na nyimbo hatuzikatai. Asinziaye na aamshwe. Bali yule mwingine, aliyejitenga nyuma ya wenzake, vidole vikitetemeka, akifunga kamba za viatu kwa mara ya tatu, huyo angefaa kuambiwa kwa sauti ndogo avute pumzi na kuitoa polepole. Kelele za mwalimu zamwongezea nini?