Penseli, Shahidi wa Macho

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Wachoraji wa mandhari nao wana daftari lao, nalo ni kijitabu cha michoro ya penseli.

Mwingereza John Constable alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk. Picha yake mashuhuri, The Hay Wain, inaonyesha gari la farasi katikati ya mto Stour, karibu na kwao. Lakini hakuipaka rangi mtoni. Aliipaka London, ikaonyeshwa mwaka 1821, naye akitegemea michoro aliyoifanya kijijini miaka iliyotangulia. Vijitabu vyake viwili vya penseli, vya mwaka 1813 na 1814, vinaenea kiganjani. Vimehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Je, picha iliyopakwa mbali na mahali penyewe ni ya kweli? Wapo wasemao kuwa msanii yu huru: ahamishe mti, ainue mlima, mradi ipendeze. Turner, aliyeishi zama hizo hizo, alifanya hivyo mara nyingi. Hata hivyo, aliacha vijitabu vya michoro vipatavyo 300. Alibadilisha alichokwisha kukitazama kwa makini, na hiyo si sawa na kubuni usichokiona.

Swali hili latuhusu sisi tulio ughaibuni. Kila siku twawachorea watoto wetu picha ya nyumbani, na kumbukumbu ina tabia ya kupaka chokaa: huziba nyufa, huongeza minazi. Penseli haina rangi ya kubembelezea. Inasema tu kwamba ukuta ulisimama hapa na mti uliinamia kule. Kamera nayo hunasa kwa kubonyeza mara moja, ilhali penseli humlazimu mtu akae na atazame.

Hatusemi kwamba mchoro unatosha. Hauna jua wala upepo; hayo huletwa na rangi, na rangi ndiyo mapenzi yetu. Tunachosema ni kwamba mapenzi yasiyo na shahidi huwapa watoto nchi isiyokuwapo, na siku watakapoifikia wataona wamedanganywa.

Basi tukijaliwa kwenda nyumbani, tuchukue kijitabu na penseli. Tukae chini ya mwembe, tutazame kwanza. Rangi tutazitia tukirudi.