Randa ya Fundi wa Keko

Mwaka huu nimenunua vifaa vinne vya useremala: msumeno wa umeme, klampu sita za chuma, jiwe la kunolea lenye pande mbili, na randa. Vitatu vya mwanzo nilivinunua dukani Gerezani, nikapewa risiti, na sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba msumeno unakula umeme kiasi kwamba mke wangu ameanza kwenda kuchungulia mita ya luku kila Jumamosi jioni. Ni ile randa ndiyo inayonisumbua.

Mimi si seremala. Kazi yangu ni ya mezani, nakagua madai ya bima, na siku nzima napima thamani ya vitu vya watu vilivyoungua, vilivyoloa au vilivyogongwa. Nyuma ya nyumba yetu Kinyerezi nina banda la mabati lenye meza ya kazi ya mbao za paini na jiriwa moja, na humo ndimo Jumamosi zangu zinamoishia. Nimeshatengeneza viti vitatu, rafu ya vitabu, na stuli moja ambayo mtu akiikalia huinuka upesi. Siuzi chochote. Majirani huniita fundi kwa utani nami huitika.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mzee mmoja wa Keko, pale kwenye karakana za samani. Mwaka 2019, tulipokuwa tunamalizia nyumba, ndiye aliyetupachikia milango mitano ya mninga. Mlango mmoja ulikuwa mpana kidogo kuliko fremu. Akausimamisha kwa ubavu, akaubana kwa magoti, akatoa randa yake kwenye kiroba, na maranda yakaanza kutoka membamba, marefu, yakijikunja na kudondoka miguuni pake kama maganda ya chungwa linalomenywa na mtu asiye na haraka. Aliporudisha mlango kwenye bawaba ulifunga bila kugusa popote. Nilisimama pale nikamwangalia mpaka simu ya ofisini ikakata mara mbili. Mwaka uliofuata nilijenga banda.

Mwezi Machi mwaka huu nilipita Keko kutafuta masalia ya mninga. Tukasalimiana, akanichagulia vipande vizuri, kisha akaniuliza, "Bosi, ile randa yangu unaikumbuka? Naiuza." Alitaka elfu tisini. Nilipomuuliza kulikoni akasema ana marejesho Ijumaa.

Aliye Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Ni hii mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu: unachukua fedha leo bila maswali mengi, unaanza kurejesha wiki hiyo hiyo, na ukichelewa deni linazaa. Wanaokuja kudai hawaji na karatasi ya mahakama. Wanakuja na kirikuu, wanabeba televisheni na makochi, na mtaa mzima unatoka kuangalia.

Nikamwambia nina hamsini. Akacheka, akashuka hadi themanini. Tukavutana kama watu wazima wanavyovutana, tukafungia sitini. Mfukoni nilikuwa na laki moja na nusu. Sikuhitaji kupunguziwa hata senti, na kama angekataa kushuka ningelipa tisini na kuondoka nikiwa nimefurahi. Nilivutana naye kwa sababu ndivyo tunavyonunua. Kutovutana bei na mtu kuna dharau yake pia, ni kama kumwambia kwamba fedha yake na yako si za aina moja. Hayo ndiyo niliyojiambia njiani. Lakini lipo jingine. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Aliposema Ijumaa, kichwani mwangu kitu kidogo kilipiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri wa kutaja hamsini.

Randa yenyewe ni ya chuma, Stanley, ya zamani, imeandikwa kwamba ilitengenezwa Uingereza. Umbo lake ni lile lile alilolibuni Mmarekani Leonard Bailey, ambaye hataza zake kampuni ya Stanley ilizinunua mwaka 1869. Ukiifungua leo unakuta gurudumu la shaba la kushushia kisu liko pale pale alipoliweka. Ila hii ya mzee haikuwa tena ya kiwandani. Tumbo lake lilikuwa limesuguliwa hadi likanyooka kama kioo. Pembe za kisu zilikuwa zimelegezwa kidogo sana, jambo ambalo mtu hulifanya kwa makusudi ili kisu kisiache michirizi kwenye ubao. Na mpini wa nyuma alikuwa ameuchonga mwenyewe kwa mkongo. Nilipoushika nyumbani niligundua kitu ambacho sikukiona miaka yote ile: mzee anatumia mkono wa kushoto. Mpini ule umetengenezewa kiganja cha kushoto. Mimi ukinifanyisha kazi nusu saa unaniachia lengelenge chini ya kidole gumba.

Nilidhani nitauchonga mwingine. Sijauchonga.

Mwezi Juni jirani yetu alikuwa na mlango unaokwaruza sakafu, nikamwelekeza kwa mzee. Alikuja asubuhi na randa mpya, zile za bei nafuu zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Nilipata kuwa nayo ya aina hiyo. Kisu chake ni laini, hakikai, na chuma kinatetema, kwa hiyo badala ya kukata kinaruka na kung'oa nyuzi za ubao. Nilisimama ukutani nikimwangalia kama mwaka ule. Mara hii maranda hayakutoka, yalitoka makombo. Mahali ambapo ubao ulichanika ilibidi apige msasa kwa mkono, akageuza mlango, akapiga tena. Kazi ya dakika ishirini ilimchukua saa mbili. Bei ilikuwa ile ile waliyopatana. Randa yake, nasema yake, ilikuwa bandani kwangu, hatua thelathini kutoka aliposimama. Yeye hakuitaja na mimi sikuitaja.

Nilimweleza mke wangu usiku. Akasema, "Usingeinunua wewe, angeinunua mwingine, tena kwa arobaini." Ni kweli. Nimeipindua sentensi hiyo kila upande na sijapata kosa ndani yake. Ninachojua ni kwamba naisikia sana kazini. Lori likipinduka barabarani mzigo huisha kabla dereva hajatolewa, na ukimpata aliyechukua mfuko mmoja wa sukari atakwambia kwamba hata asingechukua yeye ungechukuliwa tu. Hasemi uongo. Anakueleza habari za sukari, na wewe ulikuwa umemuuliza habari zake.

Wala sitaki kujifanya kwamba kukataa kununua kungekuwa usafi. Mzee alihitaji fedha kabla ya kesho yake. Mtu anayekunja uso na kusema, "Hapana mzee wangu, siwezi kununua kitendea kazi chako," kisha akapanda gari lake, amemwachia nini? Amemwachia Ijumaa yake.

Wapo waliolifikiria jambo hili kabla yetu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, iliyotungwa mwaka 1966 kwa kufuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1908, ina orodha ya mali ambayo mdai hawezi kuikamata hata akishinda kesi. Zimo nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko. Vimo vifaa vya fundi. Na zamani zaidi, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, mkopeshaji amekatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwani atakuwa amechukua uhai wa mtu. Kinachonigusa ni kwamba katazo halikuishia kwenye mawe mawili. Limetaja pia lile la juu peke yake. Aliyeliandika alimjua mtu wa aina yangu, ambaye angesema: mimi nimechukua moja tu, la chini si nimemwachia? Mzee wa Keko bado ana misumeno, patasi, nyundo na guni. Mbao nyingi siku hizi zinapigwa randa kwa mashine kwa malipo kidogo. Lakini mashine haiendi nyumbani kwa mteja, na mlango haupachikwi karakana. Nilichochukua ni jiwe la juu.

Ila angalia, makatazo yote hayo yanamhusu mdai. Hakuna linalomtaja mnunuzi. Mkopeshaji hata mahakamani asingeruhusiwa kuigusa randa ile. Mimi niliipata kwa sitini, kwa hiari ya mwenyewe, tukashikana mikono na soda akaninunulia.

Nimejiuliza kwa nini sikumkopesha. Sitini nilikuwa nazo, na zaidi. Jibu si zuri. Kumkopesha kungenifunga kwake: ningeanza kuhesabu siku, ningeona haya kupita Keko, labda ningemchukia. Kununua kunamaliza mambo. Ukishalipa unaweza kuondoka na mtu akabaki na shida zake zile zile bila kuwa zako. Nadhani hicho ndicho nilichokuwa nanunua siku ile, na randa ilikuwa nyongeza.

Mwezi Julai niliiweka kwenye kiroba nikampelekea. Alikuwa anapaka gundi kwenye droo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bosi, imekuharibikia?"

Nikamwambia haijaharibika, nimemrudishia. Akaendelea na gundi yake mpaka akamaliza ubao mzima, akafuta mikono. "Ile niliuza," akasema. "Sikuweka rehani. Ukinirudishia bure, kesho tukikutana barabarani mimi nitakuwa nani?" Nikasema basi anipe sitini zangu kidogo kidogo, hata elfu tano tano. Hapo akacheka kwa sauti, na kijana wake aliyekuwa anapiga msasa akacheka pia. "Na wewe unataka nikuletee marejesho?"

Ikabidi niseme lile nililokuwa sitaki kusema. Nilimwambia kwamba siku ile nilijua ni Alhamisi. Akanitazama kidogo. "Na mimi nilijua kwamba unajua," akasema. Kisha akaongeza kwamba mtu aliyekuja Jumatano alikuwa amempa hamsini na tano, kwa hiyo mimi ndiye niliyetoa bei nzuri. Sijui kama mtu wa Jumatano alikuwepo. Naweza kumwona mzee akimtengeneza pale pale, kwa haraka, kama anavyochonga kabari ya kuziba mwanya, ili nisiendelee kusimama mbele yake na uso ule.

Nilirudi nayo nyumbani. Nilikuwa nimekwenda kurudisha kitu na nilichoomba, nikikitazama vizuri, ni kusamehewa kwa bei nafuu. Randa angeipokea, na mimi ningelala vizuri, na yeye angebaki na deni lisilo na tarehe. Hata katika ukarimu nilikuwa navutana naye.

Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe Kinyerezi. Hakuniita bosi. "Mwanangu, nina milango mitatu Mbagala. Niazime randa." Nikampa. Akairudisha baada ya siku nne, kisu kimenolewa kuliko nilivyowahi kukinoa, tumbo limepakwa mafuta. Tangu hapo amekuja mara tatu nyingine. Hatujaandikiana wala hatujapatana malipo. Sijui ni haki. Kuna asubuhi anapiga hodi nikiwa kazini, anasubiri getini mpaka mke wangu amalize kumvalisha mtoto, mzee wa miaka sitini na kitu anayengoja apewe mpini aliouchonga kwa ajili ya mkono wake. Ningemwambia akae nayo tu, lakini hilo nilishalijaribu. Na yeye angeweza kuitaka irudi kwa bei tuliyouziana, ila hajasema, na si mimi wa kumsemea.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimepanga kunyoosha mbao za kabati la jikoni. Saa moja asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa na mlango Chanika. Nikaifuta vumbi nikampa. Akaigeuza juu chini, akafumba jicho moja, akasema kisu nimekinoa upande upande. Nikamwomba anionyeshe. Akaingia bandani, akalimwagia jiwe maji, akavuta ile stuli yangu akaketi, akainuka upesi, akanoa akiwa amesimama. Kisha akaitia kwenye kiroba na kwenda kuwahi daladala.