Waya Ulio Nyuma ya Ubao

Swali lenyewe ni hili, na naomba usilicheke kabla hujalisikia: mtu akichagua waya hafifu wa kuunganishia vifaa vya kuongozea mashua yake ya matanga, amemkosea nani? Nasema kukosea kweli, kama unavyomkosea mtu ukimdanganya au ukimwibia. Mashua ni yake, betri ni yake, GPS kainunua kwa hela yake, na ikizama atazama nayo. Wengi niliowauliza walijibu upesi upesi: hajamkosea mtu, kajipunja mwenyewe. Mimi sikubali. Ila kueleza kwa nini sikubali kunanilazimisha kuingia kwanza chini ya sakafu ya chombo, mahali ambapo wanafalsafa hawaendi sana.

Tuanze na shaba. Waya wa nyumbani, ule mgumu wenye uzi mmoja mnene, hukatika ukitikiswa muda mrefu, na mashua inatikisika usiku na mchana. Waya wa gari ni afadhali: una nyuzi nyingi nyembamba, unapinda bila kukatika. Lakini shaba yake iko uchi. Unyevu wa chumvi huingia kwenye ncha na kupanda ndani ya ganda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na baada ya muda ukiuchuna unakuta shaba imekuwa nyeusi, au ina ule ukungu wa kijani. Waya wa baharini nao una nyuzi nyingi, na kila uzi umepakwa bati ili chumvi isiiguse shaba. Ni ghali zaidi, na huku kwetu mara nyingi lazima uagize. Sasa, weka zote tatu mezani, unga GPS kwa kila moja kwa zamu. Itawaka kwa zote tatu. Skrini itang'aa vilevile. Ugomvi wote wa makala hii uko hapo.

Halafu kuna unene. Chukua redio ya VHF, ambayo ndiyo ndugu wa karibu wa hiyo GPS. Ikiwa inasikiliza tu inakula umeme kidogo, chini ya nusu ampea. Ukibonyeza kitufe uongee kwa nguvu yake kamili ya wati 25, inavuta ampea 5 hadi 6. Tuseme iko mita 6 kutoka kwenye betri. Wengi wanapiga hesabu ya mita 6 na kusahau kwamba umeme lazima urudi, kwa hiyo safari ni mita 12. Kwa waya wa milimita moja ya mraba, safari hiyo inameza zaidi ya volti 1 kila unapoongea. Betri iliyochoka, yenye volti 12, inaifikishia redio chini ya 11, na redio nyingi za aina hiyo zimetengenezewa volti 13.8 na upungufu wa kiasi tu. Ukiweka waya wa milimita 2.5, hasara inashuka hadi karibu nusu volti.

Tafsiri yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba waya mwembamba unapita mtihani kila siku ambayo hakuna shida. Unasikia wenzako, unasikia taarifa za hali ya hewa, mwaka mzima unajiona umeokoa hela. Unashindwa pale tu unapobonyeza kitufe kuomba msaada, usiku, betri ikiwa imechoka kwa sababu hiyohiyo inayokufanya uombe msaada. Sijui kama kuna mfano mwingine wa unafiki ulio safi kiasi hiki katika maumbile.

Hata dira haisalimiki. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwanafizikia wa Denmark, alionyesha kwamba waya wenye umeme unaisogeza sindano ya dira iliyo karibu. Leo maana yake ni hii: ukipitisha nyaya za GPS kando ya dira, waya mmoja huku na mwingine kule, kifaa cha kukuonyesha njia kinakipotosha kifaa kingine cha kukuonyesha njia. Dawa yake haina gharama yoyote. Unazisokota nyaya mbili pamoja, wa kwenda na wa kurudi, nguvu zao zinafutana. Dakika kumi za kazi. Lakini ni dakika kumi ambazo hakuna atakayejua kama ulizitumia au la.

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anampa Glaucon hadithi ya mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Glaucon anauliza: mtu mwenye pete hiyo ana sababu gani ya kuendelea kuwa mwema? Huwa naona wasomi wanaijadili hadithi hiyo kana kwamba pete haijawahi kuwepo. Bwana, pete zipo, kila fundi anayo. Ubao ukishafungwa kwa skrubu nne, kazi ya nyuma yake haionekani tena mpaka siku ya balaa, na siku hiyo fundi yuko Morogoro kwenye kazi nyingine. Tofauti ni moja tu: mchungaji alifichwa yeye, fundi inafichwa kazi yake. Kwa maoni yangu ya fundi ni ngumu zaidi, kwa sababu hahitaji kufanya lolote baya. Anahitaji tu kuacha kufanya zuri. Ndiyo maana tuna neno zuri kabisa la mtaani, kulipua kazi, ila hatuna kesi mahakamani ya mtu aliyelipua kitu ambacho bado kinawaka.

Sasa nirudi kwa yule anayesema ni mashua yangu na maisha yangu. Ana hoja, tusimdharau. Mtu mzima ana haki ya kujihatarisha, na akitaka kuvuka kwenda Unguja na kusi linavuma, bila redio, bila chochote zaidi ya tanga na akili yake, atafanya jambo ambalo manahodha wa majahazi walilifanya kwa karne nyingi. Wapo walioujua mkondo wa Pemba kama unavyoijua njia ya kwenda chooni kwako gizani. Simwoni nahodha wa namna hiyo kuwa mkosaji. Hatari yake iko wazi: anayepanda chombo chake anaona kwamba hakuna GPS, anaamua kupanda au kubaki.

Waya hafifu unaiondoa nafasi hiyo ya kuamua. Abiria anaona skrini inang'aa, anaona redio, anakaa na moyo umetulia. Kijana wa kazi anayeshika usukani saa nane za usiku anaamini kile kinachosomeka. Wavuvi wa ngalawa watakaokwenda kumtafuta hawakuulizwa kitu. Na mwanamke atakayeinunua mashua hiyo miaka sita baadaye atalipia "vifaa kamili vya kuongozea chombo", kama tangazo litakavyosema. Hao ndio waliokosewa. Hawakunyimwa usalama, maana baharini hakuna aliyeahidiwa usalama. Walinyimwa kuijua hatari waliyomo. Kutokuwa na redio ni ukosefu; kuwa na redio inayosikia lakini haiwezi kuita, na wewe unajua, ni uongo uliofungwa kwa skrubu.

Kisa cha waya ninachokirudia mara nyingi si cha mashua ya matanga, ni cha meli kubwa ya abiria, Royal Majesty. Mwezi Juni 1995 ilitoka Bermuda kwenda Boston ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Muda mfupi baada ya kung'oa nanga, waya wa antena ya GPS ulichomoka kwenye antena yake. GPS haikuzimika. Ilihamia kwenye kukisia, yaani ikaanza kupiga hesabu ya mahali meli ilipo kwa kutumia mwendo na uelekeo peke yake, bila kujali upepo wala mkondo, na ikaonyesha hivyo kwa herufi chache ndogo kwenye skrini. Usukani wa kujiendesha ukazifuata namba hizo. Zaidi ya saa 30 hakuna aliyegundua. Meli ikapanda kwenye fungu la mchanga mashariki ya kisiwa cha Nantucket, maili 17 hivi kutoka mahali ambapo maofisa waliamini wapo. Kwa bahati hakuna aliyeumia.

Kinachonikaa moyoni humo si waya. Ni kwamba kabla ya kukwama, ofisa wa zamu alitakiwa kuliona boya fulani njiani. Hakuliona. Nahodha alipouliza, akajibu kwamba ameliona, kwa sababu GPS ilisema meli iko kwenye mstari wake, basi boya lazima liwepo tu. Hapo mtu naye akawa amefanya kile kilichofanywa na mashine: amepoteza habari za kweli akaendelea kujibu kwa sauti ileile. Ndiyo maana siwezi kusema waya mzuri unamaliza deni. Unaweza kupaka bati kila unyuzi, ukaweka fyuzi karibu na betri (fyuzi, kwa faida ya wasiojua, inaulinda waya usiungue, kifaa kinafuata baadaye), ukasokota kila kitu kama ususi wa bibi harusi, na bado ukawa hujatazama nje.

Kuhusu fundi nina huruma zaidi. Kuna wanaosema fundi mwenye maadili angekataa kufunga waya asiouamini. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mshahara. Mwaka juzi nilikuwa ufukweni Msasani kwa ajili ya habari nyingine kabisa, nikamkuta fundi na mwenye mashua wanabishana juu ya bunda la waya wa gari kutoka Kariakoo.

"Mzee, itawaka," fundi alisema. "Ila haitakaa."

"Weka tu fundi wangu. Mimi siendi mbali, naishia Bongoyo."

"Na siku ukitaka Unguja?"

"Siku hiyo tutaongea."

Fundi alifunga. Alikuwa amekwishalipwa nusu, na nusu hiyo nadhani ilikuwa imekwishaliwa. Lakini kabla ya kurudisha ubao alichukua kipande cha plasta nyeupe, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: WAYA WA GARI. SI WA BAHARI. BADILISHA. Akaweka tarehe. Mzee akauliza hiyo ya nini. "Ya atakayefungua," akajibiwa. Mzee hakufurahi, ila hakuibandua, angalau si mbele yangu.

Nimelifikiria sana lile plasta. Hesabu za volti hazikubadilika hata kidogo. Redio ile itaishiwa nguvu palepale ambapo ingeishiwa. Mkali wa maadili atasema fundi alijisafisha kwa bei nafuu, na kwamba anayezama hasomi plasta, jambo ambalo ni kweli. Nami ningependelea angemwambia pia kijana anayeendesha mashua ile, aliyekuwa amekaa pale kwenye mchanga akila mihogo, maana ndiye atakayeshika kitufe cha redio kabla ya mtu yeyote kufungua ubao. Hakumwambia, na mimi nilidhani si mahali pangu mpaka nilipomwona anasimama, anajipangusa mikono, anapanda chomboni na kuchungulia mwenyewe. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akamgeukia fundi akamuuliza huo wa bahari unauzwa kiasi gani kwa mita.