Nia na Mkono Uliokufa Ganzi

Misugusugu, kando ya Barabara ya Morogoro mjini Kibaha, kama kwingineko Pwani, mzee akipooza upande kwa kiharusi ndugu humhimiza: "Babu, jikaze! Inua mkono." Asipoinua, wapo watakaosema amekata tamaa. Lawama hiyo imebeba swali zito: je, nia peke yake yatosha kuuendesha mwili?

Mwaka 1890 mwanafalsafa wa Marekani William James alieleza habari za mgonjwa asiyehisi kitu mkononi. Alifumba macho, akaambiwa ainue mkono, nao ukazuiwa usisogee. Aliamini ameuinua, alipofumbua macho alishangaa kuukuta palepale. Nia ilikuwapo. Kilichokosekana ni habari kutoka mkononi.

Miaka mitano baadaye, Waingereza Mott na Sherrington walikata neva zinazopeleka hisia za mkono wa kima, wakaziacha zile zinazoamuru misuli. Mkono haukupooza, lakini kima hakuutumia tena. Baadaye sana Mmarekani Edward Taub aliufunga mkono mzima wa kima wa namna hiyo, naye akaanza kuutumia ule uliokufa ganzi. Uwezo ulikuwapo, mnyama alikuwa amezoea kuuacha.

Ubongo nao hubadilika. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walionyesha kwamba kima aliyepata kiharusi kidogo katika sehemu inayoendesha kiganja, asipofanyishwa mazoezi, hupoteza hata eneo jirani lililosalimika. Waliofanyishwa mazoezi, eneo hilo lilibaki.

Basi kumlaumu mgonjwa kwa uhaba wa nia ni kumwonea. Nia hujengwa na kugusa, kuona na kurudia, na mwili usiporudisha habari, hiyo nia hukosa pa kushika. Dini inalifahamu hilo: Mwislamu asiyeweza kusimama huswali ameketi, akishindwa huswali amelala, wala hakuna anayemhesabia upungufu wa imani.

Huruma hiyo haimaanishi kumwacha alale tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha wagonjwa 222 ambao mkono wao dhaifu ulikuwa bado unasogea kidogo. Waliovishwa glovu kwenye mkono mzima na kufanyishwa mazoezi kwa wiki 2 walipata nafuu kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya mwaka. Kwa hiyo ndugu wa Misugusugu wana kazi kubwa kuliko kuhimiza: kumwachia babu ashike kikombe mwenyewe, akiutazama mkono wake, hata kama chai itamwagika na kifungua kinywa kitachelewa.