Steringi Hakuruka



Leo naomba tutafakari Jumamosi Kuu, siku ile altare iko tupu, tabernakulo iko wazi, na wengi wetu tuko bize kupiga pasi nguo za Pasaka. Nitaanzia mbali kidogo, kwenye deki ya nyumbani kwetu Mikese. Nivumilieni.

Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa fundi wa malori, na jioni moja alirudi na DVD aliyonunua kwa kijana mmoja anayewauzia madereva pale barabara kuu. Shilingi 1,500. Juu ya kasha kulikuwa na mtu aliyepanda farasi, amefunika uso kwa kitambaa cheusi. Ilikuwa Zorro's Fighting Legion, picha ya Republic Pictures ya mwaka 1939. Nyeusi na nyeupe, sauti inakwaruza. Nilinuna, maana mimi nilitaka ya Kichina.

Picha za namna hii zilitengenezwa kwa vipande. Hii ilikuwa na vipande 12. Wiki hii jumba la sinema linaonyesha kimoja, kinaishia steringi akiwa kwenye hatari kubwa, ili wiki ijayo urudi tena na hela yako. Wakati ule sheria ya Marekani ilidai hakimiliki ihuishwe baada ya miaka 28. Nyingi ya picha hizo za zamani hazikuhuishwa, ndiyo maana miaka mingi baadaye makampuni madogo yaliweza kuzitoa kwenye DVD na kuziuza kwa bei ya kutupa.

Ya kwetu haikuwa na sauti ya Lufufu wala DJ mwingine wa kututafsiria. Baba ndiye alikuwa DJ wetu. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini hakukwama hata mara moja. Kila adui alimpa jina la mteja aliyekuwa hajamlipa. Tulicheka mpaka mama akatufukuza tukalale. Na sheria ya baba ilikuwa kipande kimoja kwa siku. Gari la farasi linatumbukia korongoni, steringi yumo ndani, baba anazima deki. "Ngoja kesho."

Kesho yake sasa! Kipande kipya kinarudia tukio lilelile, ila kinaongeza sekunde chache ambazo jana tulifichwa. Kumbe kabla gari halijatumbukia, steringi alikwisha kuruka. Anasimama, anakung'uta vumbi, kofia haijapinda. Baba anapiga makofi: "Ameruka bwana! Si nilisema?"

Nikiwa kidato cha pili, baba alianguka kazini. Tulimkimbiza hospitali, na usiku uleule akafariki. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Siku chache baada ya matanga aliweka ile DVD mwenyewe. Akaona gari linatumbukia, akaona kipande kinachofuata, steringi anaruka. Akanigeukia.

"Kaka, baba kwa nini hakuruka?"

Jamani, nilikuwa mtumishi wa altare. Katekisimu nilikuwa naijua. Lakini sikuwa na jibu, na kwa kumhurumia nikamwambia, "Baba amelala tu, atarudi." Kwa wiki nzima yule mtoto alikuwa anaweka ndala za baba mlangoni kila jioni. Alikuwa anasubiri kipande kinachofuata. Mimi ndiye niliyempa ahadi hiyo, na ilikuwa ya uongo.

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma falsafa, nilikutana na watu waliofanya kosa kama langu, tena kwa Yesu mwenyewe. Katika Kanisa la mwanzo walikuwepo Wadosetisti. Wao waliona haifai Mwana wa Mungu afe kweli, hivyo wakasema alionekana tu kuteseka. Yaani steringi aliruka, ninyi hamkuona! Mtakatifu Ignasi wa Antiokia aliwapinga mwanzoni mwa karne ya 2, akiwa njiani amefungwa minyororo kupelekwa Roma kutupiwa wanyama. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: kama mateso ya Kristo yalikuwa ya kuigiza, basi yeye Ignasi amefungwa kwa ajili ya nini?

Ukizisoma Injili utaona hazifichi sekunde hata moja. Pilato anashangaa kwamba amekufa mapema, anamwita akida kuhakikisha (Mk 15:44). Askari anamchoma ubavu kwa mkuki (Yn 19:34). Yusufu wa Arimathaya ananunua sanda, anavingirisha jiwe. Alikufa kweli, akazikwa kweli. Na Jumamosi nzima ikapita, kimya.

Na ufufuko wenyewe hauji kutuambia kwamba Ijumaa haikutokea. Steringi wa picha anarudi bila hata mkwaruzo. Yesu anarudi na matundu ya misumari, tena anamkaribisha Tomaso ayaguse (Yn 20:27). Baba yake wa mbinguni hakukata mkanda ili kumpitisha kando ya kifo. Alimfufua kutoka ndani ya kifo.

Vijana wenzangu, hapa ndipo penye tumaini letu. Kama Yesu aliruka dakika ya mwisho, basi baba yangu alikwenda mahali ambapo Yesu hajawahi kufika. Lakini tunakiri katika Kanuni ya Imani kwamba alishukia kuzimu. Usiku ule baba alipokata roho, hakuingia gizani peke yake. Kuna aliyetangulia kuingia humo, naye ndiye aliyetokea upande wa pili akiwa hai.

Mwezi uliopita nilipita Soko Kuu la Chifu Kingalu pale mjini Morogoro. Mzee mmoja alikuwa anamalizia DVD zake juu ya turubai, maana siku hizi watu wanawekewa picha kwenye flashi. Nikaiona ileile! Shilingi 2,000. Ya kwetu ilikwisha kuchubuka, haikuwahi kufika kipande cha mwisho. Nikaenda nayo nyumbani, nikaangalia vyote 12 na mdogo wangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu. Adui alipovuliwa barakoa, nikamwomba msamaha kwa ule uongo wangu.

Akanyamaza kidogo. "Nilijua, kaka. Siku mama alipogawa viatu vya baba, nilijua. Ila nilitaka mtu aniambie."

Basi, Jumamosi Kuu hii, kabla hujashika pasi, nakupa zoezi moja. Mtafute rafiki aliyefiwa, au aliyefeli mtihani, au aliyeachwa na mtu aliyempenda. Usimwambie "usilie". Usimkimbizie mwisho mzuri ambao huna uwezo wa kumpa. Kaa naye. Yesu mwenyewe alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia (Yn 11:35). Ukishakaa naye vya kutosha, usiku nenda naye kwenye Mkesha, muwashe mishumaa yenu pamoja kutoka mshumaa wa Pasaka. Uangalie mshumaa ule vizuri: umechomekwa chembe tano za ubani, kwa ajili ya madonda matano.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyekufa kweli na kufufuka kweli, uwapumzishe marehemu wetu. Utupe ujasiri wa kusema ukweli kwa upendo, na uvumilivu wa kusubiri asubuhi yako. Amina.

Tuombeane.

Frateri wenu, Mikese