Mguu wa Mwenzako

Msimu wa 2014/15 ulipoisha, gazeti la michezo la Ufaransa, L'Équipe, lilipanga kikosi cha wachezaji waliofanya vibaya zaidi kwenye ligi yao, na Divock Origi akawemo. Wakati huo Liverpool walikuwa washamnunua kutoka Lille kwa takriban pauni milioni 10 na kumwacha huko huko kwa mkopo. Huku kwetu, kuanzia Malindi hadi Kilifi, Origi ni mtoto wetu hata kama anavaa jezi ya Ubelgiji, manake babake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars. Lakini hata mtoto wa nyumbani alipatikana na hatia: Liverpool wamepigwa, tukasema. Tarehe 7 Mei 2019 mtoto huyo huyo akawafunga Barcelona mara mbili katika ule ushindi wa 4-0, na tarehe 1 Juni akafunga bao la pili kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Madrid. Waliosema wamepigwa wakasema walijua tangu zamani.

Mashabiki ndio tulivyo. Tukikaa maskani, kahawa ikizunguka au mnazi ukizunguka, hakuna faili linalofungwa milele. Nani aliuzwa mapema, nani alinunuliwa ghali, McDonald Mariga angekuwa nani leo kama Manchester City wangempata Januari 2010. Dili ile ilikwama kwenye kibali cha kazi, akaenda zake Inter Milan, na Mei mwaka huo huo akawa kwenye kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa, Mkenya wa kwanza kufika hapo. Kilichoonekana mkosi kikageuka bahati. Halafu goti likaanza kumsumbua, na mjadala ukageuka tena: si bora angekwenda kwingine? Kila matokeo mapya yanapoingia, tunabadilisha hukumu ya jambo ambalo lenyewe halijabadilika hata kidogo.

Hapo ndipo pananikera. Ukihukumu uamuzi wa zamani, unahukumu uamuzi wenyewe, au unahukumu kilichotokea baadaye?

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walilijadili swali hili na kulipa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita bahati ya kimaadili. Mfano wangu ni wa hapa hapa. Vijana wawili wa bodaboda wanatoka Mtwapa usiku kuja Kilifi. Wote breki ni mbovu, wote wanajua ni mbovu, wote wameamua watatengeneza kesho. Mmoja anafika, anakula, analala. Mwingine, karibu na njia ya kuingia Takaungu, mtoto anakatiza barabara. Kosa lao ni moja, lakini kesho yake mmoja anaitwa muuaji na mwingine yuko stejini akitafuta abiria. Hatusemi wako sawa, na hatuwezi kueleza vizuri kwa nini hawako sawa.

Swali hili si la vitabuni tu kwangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na karo ndiyo iliyokata maneno. Ami yangu kila tukionana kwenye harusi ananipa hukumu kulingana na mwezi ulivyonijia. Nikiwa nimelipwa makala mbili tatu, "ulifanya la maana, mwanangu, digirii siku hizi ni karatasi." Nikiwa sina kitu, "ungevumilia tu." Uamuzi wangu ni ule ule, na siku niliyouchukua nilijua nilichokijua. Mimi namheshimu ami yangu, ila hukumu inayofuata mfuko wa mtu siwezi kuiita hukumu. Ni kusoma hali ya hewa.

Sasa rudi kwenye fainali ya Madrid. Tottenham walikuwa na Harry Kane, aliyeumia kifundo cha mguu walipocheza na Manchester City tarehe 9 Aprili na hakuwa amecheza mechi tangu siku hiyo. Walikuwa pia na Lucas Moura, ambaye wiki tatu na ushei nyuma yake alifunga mabao matatu Amsterdam dhidi ya Ajax, la mwisho likiingia katika dakika za nyongeza. Kocha Mauricio Pochettino akamwanzisha Kane. Lucas akaanzia benchi, alikokuwa pia Victor Wanyama wetu. Kane hakufurukuta, Tottenham wakalala 2-0, na mpaka leo ukimgusa shabiki wa Spurs kuhusu siku ile atakuambia lile lilikuwa kosa la wazi.

Hebu geuza bao moja tu. Kane apate upenyo dakika ya 80, atie wavuni, Spurs washinde kwa penalti. Kifundo kingekuwa kile kile. Ripoti ya daktari ingekuwa ile ile. Lakini tungekuwa na hadithi ya shujaa aliyecheza fainali na mguu mmoja, na makocha wangewasimulia watoto ili waige. Ina maana mara nyingi tunapomsifu mtu kwa kucheza akiwa ameumia, tunasifu matokeo, halafu tunayavisha kanzu ya ujasiri.

Kama mambo yangeishia hapo ningesema ni porojo za mpira, tuachane nazo. Kuhukumu usajili kwa matokeo hakumuumizi mtu sana. Pauni milioni 10 zikiliwa, tajiri atatafuta nyingine. Lakini tunachukua tabia hiyo hiyo ya kuhesabu faida na hasara tunaipeleka kwenye goti la mtu, na goti si mali ya klabu wala ya shabiki. Tarehe 20 Aprili 2016, kwenye mechi ya watani dhidi ya Everton, Origi alikanyagwa kifundo na Ramiro Funes Mori, akatolewa kwa machela. Tarehe 18 Mei, hata mwezi haujaisha, aliingia kama mchezaji wa akiba kwenye fainali ya Ligi ya Europa mjini Basel, ambayo Liverpool walipoteza. Wapo waliomsifu kwa kurudi haraka. Wapo wanaoshikilia kwamba yule Origi wa kabla ya Aprili hakurudi tena, na kwamba mabao ya 2019 yalifungwa na mchezaji mwingine, mwenye kasi ndogo na subira kubwa. Ukweli anao yeye na kifundo chake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Yeye angalau alikuwa na madaktari na mshahara uliokuwa ukiingia akiwa kitandani. Njoo Karisa Maitha hapa Kilifi mjini, au uwanja wowote wa vumbi kutoka Mtwapa hadi Malindi, wakati wa vikombe vya wanasiasa. Zawadi ni jezi, mipira, ng'ombe, na pesa kidogo za kugawana. Kijana anayesubiriwa uwanjani ni kibarua wa mjengo, au anakata mawe timboni, au anaendesha boda ya mtu na jioni lazima apeleke hesabu. Kifundo kimevimba tangu nusu fainali. Anakandwa mafuta, anafungwa bandeji, anapewa vidonge vya maumivu ambavyo hakuna aliyeuliza ni vya kiasi gani. "Kaza, mwanangu, dakika tisini tu." Dakika tisini ni zetu. Jumatatu ni yake peke yake: hawezi kukanyaga breki, hawezi kubeba zege, na mwenye pikipiki anatafuta kijana mwingine. Kikombe kiko kwenye kabati la mtu.

Kuna jambo naliona la ajabu hapa kwetu. Mgema akitegua mguu, hakuna atakayesimama chini ya mnazi kumpigia makofi apande. Mkewe atamfokea, wazee watamwambia anatafuta kifo, na wanywaji wenyewe, pamoja na kiu yao, watasubiri. Tunajua kazi yake inataka mguu mzima, na tunajua akianguka ni nani atabaki na watoto. Huyu wa mpira kazi yake inataka mguu mzima vile vile. Tofauti ni kwamba mgema akipanda hatuoni raha ya kumtazama. Mchezaji akichechemea kisha afunge, tunapata kitu cha kusimulia miaka ishirini. Kiu ya hadithi inatufanya wakatili kuliko kiu ya tembo.

Utaniambia: lakini ni yeye mwenyewe aliyetaka kucheza. Mara nyingi ni kweli, na sitaki kumnyang'anya mtu haki ya kuvumilia. Mvuvi anaingia baharini na homa, mama anauza mahamri huku mgongo unamuuma, na wote wangeona ni dharau mtu akija kuwaambia wapumzike. Kuvumilia ni sehemu ya heshima ya mtu. Ila kuna maumivu na kuna madhara. Maumivu ni ya leo na mwenyewe anaweza kuyapima, anayasikia. Madhara ni ya kesho, na leo hayasikiki, hasa ukishameza vidonge. Mtu anaweza kukubali maumivu kwa niaba ya timu. Akikubali madhara bila kuambiwa kiasi chake, mbele ya watu mia mbili wanaoimba jina lake, huku anajua akikataa nafasi yake inachukuliwa, hapo neno "alitaka mwenyewe" limebeba mzigo usiokuwa wake. Sehemu ya uamuzi ule tuliufanya sisi tuliokaa pembeni ya uwanja.

Ndiyo maana nadhani tumekosea kumpa anayeng'ang'ania sifa zote na kumwacha anayejitoa bila hata moja. Mbio za marathoni za wanaume, Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Sisay Lemma wa Ethiopia, bingwa wa Boston mwezi Aprili mwaka huo, alikuwa amechaguliwa kukimbia, akaumia, akajitoa. Nafasi yake ikachukuliwa na Tamirat Tola, aliyekuwa akiba. Tola akashinda kwa saa 2:06:26 na kuivunja rekodi ya Olimpiki ambayo Samuel Wanjiru wetu aliiweka Beijing mwaka 2008. Katika mbio hizo hizo Eliud Kipchoge, mgongo ukimuuma, alisimama baada ya kilomita 30. Ilikuwa marathoni ya kwanza maishani mwake asiyoimaliza.

Najua unachotaka kusema: na wewe unamsifu Lemma kwa sababu Tola alishinda. Sawa, nishike hapo. Tola angemaliza wa ishirini, Lemma bado angekuwa amefanya sawa. Alijua mguu wake ulivyo, alijua kuna mwenzake mzima anayesubiri, akampisha. Hayo yote yalikuwa kweli kabla ya mtu yeyote kukimbia hatua moja. Na Kipchoge, ambaye hakuna aliyepata dhahabu kwa yeye kusimama, naye alikuwa sahihi pale pale barabarani. Uamuzi mzuri hauhitaji medali uje kuutetea.

Sisemi tuache kufungua mafaili ya zamani. Hiyo ni nusu ya raha ya mpira, na bila kuangalia nyuma hakuna kujifunza. Nasema tukifungua, tuulize saa ile walijua nini, si sisi tunajua nini sasa. Na ikiwa kesi ni ya mwili, tuulize nani alilipa. Wanyama aliyecheza mechi 36 za ligi msimu wake wa kwanza Tottenham, kisha akaumia goti Agosti 2017, hakuwa "hasara" ya mtu. Alikuwa mtu aliyeumia kazini.

Kuhusu uwanja wa hapa nyumbani, sina kanuni kubwa. Kijana akikaa chini na kushika kifundo, acha kupiga kelele za "kaza". Mwache aamue pakiwa kimya kidogo. Akiamua kutoka, mpigie makofi kama uliyompigia aliyefunga. Akiamua kuendelea, basi Jumatatu mmoja wetu apite kwao, amuulize mguu unaendeleaje, na aende na chochote cha kumpeleka hospitali.