Kutafuta Mtoto Hospitalini: Je, Ni Kupungukiwa Imani?

Soma 1 Samweli 1:1-20, Mwanzo 16:1-13, Luka 1:5-7.

Miaka kadhaa iliyopita, katika Sabato ya kuweka watoto wakfu, nilihubiri habari za Hana. Mwishoni niliwaomba wanandoa wasio na watoto wasimame tuwaombee. Zilisimama ndoa nne. Kabla ya ombi kwisha, mwalimu wetu wa darasa la vijana alimshika mkewe mkono wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Jioni niliwafuata nyumbani. Nilikuwa nimesikia kwamba wameuza kiwanja ili waende kupandikiza mimba, na badala ya kuwauliza habari zao nikaanza kushauri: mngojeeni Bwana kama Hana, msikimbilie maabara. Mke alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, naomba nikuulize. Mwaka jana ulipopasuliwa ngiri, ulikuwa umepungukiwa imani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilisoma tena sura niliyoihubiri asubuhi, nikakutana na mtu ambaye nilikuwa nimempita haraka. Eli ameketi mlangoni pa hekalu. Anamwona mwanamke analia, midomo inacheza, sauti haisikiki. Anahitimisha kwamba amelewa (mafungu 12-14). Siku zote nilimhesabu Penina peke yake kuwa mtesi wa Hana. Kumbe kiongozi wa ibada naye alimwongezea jeraha, kwa kuhukumu kabla ya kusikiliza. Heri yake Eli, alisahihishwa akakubali, akambariki. Tazama pia fungu la 18: uso wa Hana ulibadilika siku ileile, kabla hajachukua mimba. Tusilisome fungu hilo upesi, maana makanisani mwetu wako akina Hana ambao Samweli wao hatazaliwa.

Hana alipokwisha kuomba alirudi nyumbani kwa mumewe (fungu 19), na Bwana akamkumbuka kwa njia ileile ya mwili aliyoiumba. Raheli alitafuta tunguja (Mwanzo 30:14), na hatusomi popote kwamba alikemewa kwa hilo. Sisi Waadventista tunajenga hospitali na kuziombea. Sioni kwa nini maombi na tiba viwe marafiki kwenye malaria, halafu viwe maadui kwenye uzazi.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani wa maisha yake. Ni wanawake na wanaume. Yule dada alikuwa amekunywa dawa za mitishamba miaka sita, shangazi za mume wakizileta kwa chupa, na mume hajapimwa hata mara moja. Alipokubali kupimwa, mbegu zake zilionekana kuwa chache mno. Biblia inaposimulia kwamba tumbo la mwanamke lilifungwa, tusiligeuze simulizi hilo kuwa cheti cha daktari. Na Luka anaanza kwa kusema kwamba Zakaria na Elisabeti wote wawili walikuwa wenye haki, ndipo anasema hawakuwa na mtoto. Utasa haukuwa adhabu yao.

Njia waliyoifuata ndiyo iliyomleta Louise Brown duniani huko Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006. Mke huchomwa sindano za homoni kwa siku kama 10 hivi ili mayai mengi yakomae pamoja; daktari huyatoa kwa sindano; maabara huyakutanisha na mbegu za mume; baada ya siku chache kiinitete huwekwa katika tumbo la uzazi. Kisha ni kungoja wiki mbili hivi, na mara nyingi majibu huwa hapana. Anayedhani hiyo ni njia ya mkato hajakaa na watu waliomo ndani yake.

Kwa hiyo swali la imani tuliweke kando, kwa sababu linaficha maswali mazito zaidi. Mwaka 1994 kamati ya Konferensi Kuu ilitoa mambo ya kuzingatia kuhusu uzazi wa kusaidiwa. Haikukataza tiba hii kwa wanandoa. Ilishauri kwamba kumwingiza mtu wa tatu, yaani mtoa mbegu, mtoa yai au mama wa kubeba mimba, huleta matatizo ambayo ni afadhali kuyaepuka. Hapo namkumbuka Hajiri. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, na aliyemwona jangwani alikuwa Mungu, si waliomtumia.

Kamati ilikumbusha pia kwamba idadi ya mayai yatakayorutubishwa iamuliwe mapema, kwa kuwa uhai wa binadamu unastahili heshima katika kila hatua. Hili ndilo lililomfanya yule ndugu anipigie simu saa nne usiku. Mayai 9 yalitarajiwa. Daktari alitaka kujua kama wayarutubishe yote. Kwa kuyarutubisha yote nafasi ya kupata mtoto ingeongezeka. Lakini vitakavyobaki vitakwenda wapi? Tuliomba kwenye simu. Wakaamua kurutubisha manne tu, idadi ambayo waliona wako tayari kuibeba, wakijua kwamba huenda wanapunguza matumaini yao wenyewe, na fedha ya kiwanja ilikuwa imekwisha.

Vilipatikana viinitete vitatu. Cha kwanza hakikushika. Cha pili ni binti ambaye sasa yuko chekechea ya Shule ya Sabato, na huimba kwa sauti kuliko wenzake wote. Cha tatu kimegandishwa hospitalini mpaka leo. Mama ana miaka 41, mimba ile ilimpandisha shinikizo la damu hadi akalazwa, na daktari amemwonya asibebe nyingine.

Je, darasa lako lingewaambia nini? Mimi naona hawana ruhusa ya kukisahau tu, wala hatuna ruhusa ya kumtaka mama ahatarishe maisha yake ili sisi tupate jibu safi. Kila Januari bili ya kukitunza huja, na ndugu yangu hunipigia. Mwaka huu sikuhubiri. Nilikwenda kwao Sabato mchana, tukala, mtoto akalala kwenye kochi, na mama akazungumza kwa zaidi ya saa moja. Bili ilikuwa mezani. Waliilipa Jumatatu.